Kalamu Iwafikie wa Viti vya Nyuma

Hoteli za Milimani, Kisumu, hazikosi kongamano. Wiki hii ni afya ya mama na mtoto, wiki ijayo ni mabadiliko ya tabianchi, nyingine ni uchumi wa ziwa. Ratiba haibadiliki sana: sala, kujitambulisha, hotuba za wakubwa zinazoanza kwa "itifaki imezingatiwa", slaidi zilizosongamana maandishi madogo, kisha dakika chache za maswali ambazo hunyakuliwa na wale wale waliozoea kipaza sauti. Mama muuza omena aliyetoka Dunga, au kijana aliyevuka Ring Road akitokea Nyalenda, hukaa kiti cha nyuma, hutia sahihi orodha ya mahudhurio, hupokea nauli yake na kwenda zake. Katika ripoti ataandikwa kwamba ameshirikishwa.

Makala hii ni ya wanaoandaa mikutano hiyo na wangependa ibadilike: maafisa wa kaunti, mashirika, makanisa, vyama vya ushirika, na vijana wanaojipatia riziki kwa uwezeshaji. Nitazungumzia chombo kimoja, uchoraji wa papo hapo, ambapo mtu husimama mbele ya karatasi kubwa ukutani na kuchora yanayosemwa wakati yanaposemwa.

Chombo hiki kimeanza kupendwa, na kupendwa kwenyewe kumekiletea shida. Mchoraji hualikwa kama anavyoalikwa DJ, achangamshe ukumbi. Jioni picha inapendeza, wageni wanapiga selfi mbele yake, na maamuzi ni yale yale yaliyokuja yameandikwa kutoka ofisini. Kazi ya mchoro ni nzito kuliko hiyo. Unayaweka maneno ya mkutano mahali ambapo kila mtu anayaona na anaweza kusema, "Hapana, sivyo nilivyosema." Muhtasari wa Kiingereza ulio ndani ya kompyuta ya katibu, mvuvi hawezi kuusahihisha. Mchoro ulio ukutani anaweza. Kila ushauri utakaofuata unatokana na hilo.

Hatuazimi kitu cha ugenini

Wamarekani wana historia yao. David Sibbet alianza kuchora mikutano huko San Francisco miaka ya 1970 na kuigeuza kazi hiyo kuwa taaluma. Mwaka 1985 Harrison Owen alianzisha mikutano ambayo ajenda yake hupangwa na waliohudhuria wenyewe. Alikuwa ameandaa kongamano kubwa kwa jasho jingi, na watu wakamwambia kwamba sehemu waliyoifurahia zaidi ni mapumziko ya chai. Mwaka 1995, nyumbani kwa Juanita Brown na David Isaacs kule California, wageni walikaa kwenye meza ndogo zilizotandikwa karatasi, wakawa wanaandika na kuchora juu yake huku wakihama meza hadi meza. Huo ndio mwanzo wa mtindo ambao leo unatumika duniani kote.

Lakini sisi tulikuwa tukichora pia. Mwaka 1988, huko Mbusyani, Machakos, Sekretarieti ya Kitaifa ya Mazingira ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Clark cha Marekani ilikaa na wanakijiji kuichunguza hali ya ardhi na maji yao, na kufikia Septemba kijiji kilikuwa na mpango wake wa kutunza rasilimali. Miaka miwili baadaye Chuo Kikuu cha Egerton kilishiriki kutoa mwongozo wa kazi ya namna hiyo nchini Kenya: ramani za kuchorwa na wenyeji, kalenda za misimu, na orodha za matatizo zilizopangwa kwa kura. Robert Chambers, mtafiti Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Kenya na aliyezieneza mbinu hizi duniani, alisisitiza kwamba mtaalamu aikabidhi fimbo. Anayeshika fimbo ya kuchorea mchangani ndiye anayeamua kijiji kinaanzia wapi. Siku hizi tunatumia maka peni, ila swali la nani anaishika ni lile lile.

Kabla ya kumtafuta mchoraji

Muulize mwenye mkutano: kuna uamuzi gani ambao bado haujafanywa? Akikujibu kwamba kila kitu kimeshapitishwa na watu wanaitwa "kuhamasishwa", mwambie aokoe fedha zake. Huo ni mkutano wa kutoa taarifa, na hakuna ubaya, mradi uitwe kwa jina lake. Katiba ya 2010 inataja ushiriki wa watu miongoni mwa maadili ya taifa katika Kifungu cha 10, na Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liuwezeshe umma kushiriki katika shughuli zake. Mchoro wa kupendeza hautoshelezi matakwa hayo ikiwa hakuna kilichobaki cha kuamuliwa.

Ukishapata jambo lililo wazi, liandike kama swali moja fupi ambalo mama wa sokoni Kibuye atalielewa bila kufafanuliwa. "Uimarishaji wa mifumo ya mnyororo wa thamani wa samaki" si swali. "Vizimba vya samaki viwekwe wapi, na nani aamue?" ni swali. Liandike juu ya karatasi kabla wageni hawajaingia.

Kisha tafuta watu wawili, si mmoja. Anayechora akili yake iko mkononi. Hawezi pia kuongoza mjadala, kutuliza wanaobishana na kumwona dada wa pembeni aliyeinua mkono nusu. Mwezeshaji aongoze, mchoraji achore, na siku moja kabla wakae pamoja wapitie ratiba.

Mchoraji si lazima atoke Nairobi. Mji wa Kisumu una mafundi wanaoandika mabango ya maduka na kuremba tuktuk, na fuo za ziwa zina wanaopaka mitumbwi rangi na kuiandika majina. Watu hawa wana mkono mwepesi na herufi zinazosomeka kutoka mbali, na hizo ndizo sifa mbili zinazohitajika zaidi. Kinachobaki ni kufundishwa kusikiliza: kushika hoja na kuacha mapambo ya maneno, na kutambua mtu anapobadili mawazo. Mlipe kwa siku ya maandalizi, siku ya mkutano, na siku ya kuisafisha kazi. Ukimlipa siku moja, utapata kazi ya siku moja.

Chumba, ukuta na vifaa

Hoteli nyingi hazitakubali ubandike chochote kwenye kuta zilizopakwa rangi. Kodisha au nunua mbao mbili za plaiwudi za futi nane kwa nne, zilaze ubavu kwa ubavu juu ya meza, uziegemeze ukutani, na utakuwa na uwanja wa futi kumi na sita. Juu yake bana karatasi nyeupe ya roli. Ukiikosa, unganisha manila kwa selotepu kutoka nyuma. Kumbuka kwamba Kisumu ina joto na feni za darini hazizimwi. Karatasi isiyobanwa pembe zote nne itapepea siku nzima na kumtesa mchoraji. Chagua kalamu za wino wa maji, kwani zile za spiriti hunuka na hupenya upande wa pili. Nyeusi iwe ya maneno, rangi moja au mbili za kukazia, na rangi moja uifiche kabisa kwa kazi nitakayoieleza baadaye. Faida ya ziada: stima ikipotea, projekta hunyamaza, lakini karatasi inaendelea kusomeka.

Mahali pa mchoro ni muhimu kuliko ukubwa wake. Usiuweke nyuma ya jukwaa. Uweke njiani, kati ya viti na meza ya chai, ili kila anayekwenda kuchukua kikombe apite mbele yake. Ondoa meza kuu. Viti vipangwe nusu duara, na wakubwa wakae miongoni mwa watu.

Katika mkutano mkubwa sana, mambo hubadilika. Kisumu ilipoandaa Africities kuanzia Mei 17 hadi 21, 2022, maelfu ya wajumbe walikusanyika, na katika halaiki kama hiyo mchoro mmoja wa ukumbi mkuu hubaki kuwa pambo tu. Upeleke kwenye vikao vidogo, ambako watu wanaweza kuufikia kwa mkono.

Saa ya kwanza

Usiruhusu saa ya kwanza ipite kabla kila mtu hajaweka alama ukutani. Chora mapema mstari wa ufuo wa Ghuba ya Winam, tia Kisumu, Dunga, na fuo nyingine zinazohusika. Kila anayeingia achukue kibandiko, akiweke mahali anapoishi au anapofanyia kazi, na achore kitu kimoja anachokishika kila siku: wavu, karai, kitabu cha risiti, kipimo cha maji. Mtu aliyekwisha gusa ukuta asubuhi haogopi kuusogelea mchana.

Wanaosema "mimi sijui kuchora" wape maumbo machache: duara, mraba, pembetatu, mstari na nukta. Kwa hayo wanaweza kuchora nyumba, samaki, mtumbwi na mtu. Wala usiwachoree wewe kwa huruma. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba mtu huyakumbuka maneno aliyoyachora vizuri kuliko yale aliyoyaandika, hata mchoro uwe mbovu. Faida hiyo humwendea aliyechora. Mchoraji akichora peke yake siku nzima, atakayetoka na kumbukumbu nzuri ni yeye.

Baadaye yapange makundi kwa kazi: wachuuzi pamoja, wenye mitumbwi pamoja, vibarua wao pamoja, maafisa nao peke yao. Kibarua aliyekaa na tajiri wake hatasema kitu. Kila kundi lichore jambo lile lile, kisha michoro iwekwe ukutani bega kwa bega.

Matokeo huwa makubwa kuliko unavyotarajia. Mpe afisa kalamu achore mwaka wa uvuvi, atakupa jedwali la miezi kumi na miwili. Mpe muuza omena, atachora mwezi wa angani. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta samaki vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi iking'aa, mavuno hushuka. Kalenda ya mama huyu ina usiku wa giza uliojaa mitumbwi, na asubuhi yake hana hata nafasi ya kukaa, kwani samaki ni wa kuanikwa. Kisha huja siku za mbalamwezi, karai tupu, mfuko mwepesi. Zitazame kalenda hizo mbili pamoja na utaelewa kwa nini semina fulani ilikosa watu, na kwa nini mkopo unaodaiwa kiasi kile kile kila wiki unawaumiza wanaoulipa. Hilo husikii likisemwa kwenye kipaza sauti, kwa sababu kwa mwenyewe ni jambo la kawaida mno kutajwa.

Mzunguko wa kusahihisha

Hapa ndipo penye moyo wa kazi, na ndipo wengi huparuka kwa kisingizio cha muda. Kila baada ya kikao, tenga dakika ishirini. Watu wote wasimame, wausogelee ukuta, na mwezeshaji awatembeze kutoka mwanzo hadi mwisho akiuliza maswali matatu: Nini hapa si kweli? Nini hakipo? Nani hayupo?

Tuseme mlikuwa mkizungumzia vizimba. Mtaalamu ameeleza kina cha maji na hewa wanayohitaji samaki, na mchoraji amechora vizimba sita karibu na ufuo, samaki wamenenepa, jua linawaka.

"Mama, hapa tumepatia?"

"Hapo mlipoweka vizimba ndipo mitumbwi inapopita alfajiri."

"Jaduong', mzee wetu, nawe unaonaje?"

"Hapo ni mazalio ya ngege. Na upepo ukileta gugumaji upande huu, hata kizimba chenyewe hutakiona."

Mchoraji hafuti kitu. Anaichomoa ile kalamu iliyofichwa, rangi ambayo haijatumika tangu asubuhi, na kuchora njia ya mitumbwi ikikatiza vizimba, mayai ya samaki chini yake, na gugumaji likisukumwa na upepo. Sasa kila anayeutazama ukuta anaona kilichosemwa na wataalamu, anaona kilichosahihishwa na wenyeji, na anaona umbali uliopo kati ya hivyo viwili. Mtaalamu naye anapata maswali ambayo slaidi zake hazikuwa nayo. Samaki wa vizimbani wamewahi kufa kwa wingi ziwani humu na kuwatia wafugaji hasara, kwa hiyo kukosea mahali pa kizimba ni kosa la fedha.

Kanuni za mzunguko huu ni chache. Sahihisho halijadiliwi kwanza. Huchorwa kwanza, likajadiliwa baadaye. Watu wasipokubaliana, mchoraji asitafute suluhu ya kalamu: achore mitumbwi miwili ikielekea pande mbili, kwa sababu mgogoro ulioonekana ni bora kuliko mapatano ya uongo. Aliyenyamaza apewe nukta tatu za kubandika mahali anapoona pana uzito, asilazimishwe kusema. Na mchoraji akiambiwa "hukunielewa", asijitetee.

Lugha, rangi na heshima

Katika ukumbi wa Kisumu utasikia Dholuo, Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja. Neno liandikwe ukutani kwa lugha lililosemwa nayo. Mchoraji asiyejua Dholuo akae na msikilizaji anayeijua, amnong'oneze maana bila kuipamba. Kugeuza kila kitu kuwa Kiingereza ni kumrudisha yule mama kiti cha nyuma.

Rangi nazo zina historia. Katika kura ya maoni ya 2005 Wakenya walichagua kati ya ndizi na chungwa, na chungwa likazaa chama. Mwaka 2010 kijani kilikuwa "ndiyo" na nyekundu "hapana". Kwa hiyo ukichora viongozi wote kwa rangi ya chungwa mjini Kisumu, ukumbi utasoma jambo ambalo hukukusudia. Chunguza pia alama za kuazima. Balbu inayowaka kama ishara ya wazo inaeleweka na waliosoma vitabu vya Kiingereza. Mzee wa ufuoni ataona tu nyumba iliyounganishiwa stima. Tumia vitu vinavyojulikana hapo.

Watu wachorwe kwa heshima, bila vikatuni vya kumfanya mtu kichekesho. Simulizi za ugonjwa, ujane au dhuluma zisiambatanishwe na sura inayotambulika, na picha za washiriki zipigwe kwa idhini, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyodai. Akiwapo mshiriki asiyeona, mchoro wote uelezwe kwa sauti. Zoezi hilo huwasaidia hata wanaoona, maana husikia kilichoachwa nje.

Pia jua mipaka. Vifungu vya sheria na tarakimu za bajeti vinahitaji maandishi kamili. Mchoro uende sambamba na muhtasari, usichukue nafasi yake. Na mahali penye msiba au ugomvi mbichi, weka kalamu chini uwasikilize watu.

Mheshimiwa apewe kalamu mwisho

Itifaki huwezi kuifuta, lakini unaweza kuihamisha. Zungumza na msaidizi wa waziri wa kaunti au wa mheshimiwa mapema: badala ya hotuba ya kufungua ya nusu saa, awe na salamu fupi asubuhi na nafasi ya heshima jioni. Jioni hiyo atembezwe ukutani na washiriki wenyewe, wamweleze walichochora. Kisha apewe kalamu, aandike kwa mkono wake mambo mawili ambayo ofisi yake itayafanya, tarehe, na sahihi. Viongozi wengi hulikubali jambo hili, kwa sababu picha ya kiongozi akiandika mbele ya wananchi inapendeza gazetini. Wewe nawe utabaki na ahadi yenye mwandiko.

Baada ya kongamano

Piga picha ya mchoro ukiwa umenyooka, katika mwanga wa mchana, sehemu kwa sehemu. Tengeneza ripoti ya kurasa mbili: picha, masahihisho, ahadi na majina ya ofisi zinazohusika. Itume kwenye vikundi vya WhatsApp vya washiriki ndani ya juma moja, na nakala kubwa ibandikwe kwenye ofisi ya kikundi cha usimamizi wa ufuo, yaani BMU, na pale chifu anapofanyia baraza. Karatasi yenyewe isibaki stoo ya shirika, wape waliochora.

Baada ya miezi mitatu rudi kwao ufuoni, muibandike tena, na uwaombe watu watie alama: lipi limefanywa, lipi limesahauliwa, lipi limegeuzwa. Safari hiyo iingizwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na mshahara wa mchoraji, kabla hujaweka fulana na mikoba yenye nembo. Ikiwa fedha zinatosha mikoba lakini hazitoshi tuktuk ya kurudi Dunga, ahirisha kongamano hadi zitoshe.